Uwanja wa Udongo wa Kichuguu

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya minazi, Tabu alikuwa ameshaburuta gunia uwanja mzima. Gunia lenyewe la katani, limeloweshwa maji, limefungwa kamba, na yeye anatangulia mbele kama mtu anayevuta mbuzi mbishi. Huku na huku, huku na huku. Likiisha gunia, linafuata fagio la chelewa la kufagia mistari. Halafu chokaa. Ikifika saa mbili, uwanja wa tenisi wa ile hoteli ya Kunduchi umelala kama mkeka mpya, na Tabu amekaa pembeni juu ya ndoo iliyofudikizwa, anakula mihogo ya jana.

Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi, mwenye sauti. Soko la samaki liko hatua mia mbili tu kutoka uzio wa hoteli, na wanawake wa pale walisema Tabu akikohoa uwanjani, samaki wanageuka kwenye tenga.

Udongo wa uwanja ule ulikuwa wa kichuguu. Kila masika yakipita unaondoka na maji, lazima uletwe mwingine, na Tabu ndiye aliyejua kichuguu kipi kinafaa. Alikuwa anachukua udongo kidogo, anautemea mate, anausugua kwa vidole viwili, anatulia. "Huu, ndiyo." Au, "Huu una mchanga, wapelekee wajenzi." Mumewe, Mashaka, mponda kokoto wa machimbo ya Mtongani, ndiye aliyeusomba kwa toroli siku za Jumapili. Mashaka si mtu wa maneno. Aliuliza tu, "Wapi?" Akaonyeshwa, akasukuma.

Shule Tabu hakwenda. Jina lake aliweza kuliandika, limelala upande kidogo kama lina usingizi. Tarakimu alizijua zote, kwa sababu ya ubao wa matokeo uliotundikwa kwenye uzio. Miaka kumi na sita aliwasikia wageni wakiita hesabu za tenisi, naye akazishika. Inaanza kumi na tano, inakwenda thelathini, halafu pale ambapo wewe unangoja arobaini na tano, wenyewe wanasema arobaini, na inayofuata gemu imekwisha.

"Hesabu ya mlevi," alimwambia Mashaka. "Ila mlevi mwenye msimamo. Harudii kosa, analifanya lile lile kila siku."

Alichokijua kuliko hesabu ni nyayo. Jioni wageni wakishaondoka, uwanja unabaki na kila walichofanya. Huyu mzito, anakanyaga kisigino. Yule anaogopa wavu, nyayo zake zote ziko nyuma. Tabu alizisoma moja moja kabla ya kuzifuta, na akifika nyumbani anamhadithia Mashaka mechi nzima aliyoiona nusu tu.

Mwaka wa tisini na mbili walikuja vijana kumi na wawili kutoka nchi mbalimbali za Afrika, wanatafuta jina. Mashindano yao yalikuwa madogo, ya siku tisa. Mmoja alikuwa Msenegali, Idrisa Ndao, mrefu mwembamba kama mlingoti. Kiswahili hajui, Tabu Kifaransa hajui, wakaelewana kwa mikono. Idrisa alichoka chakula cha hoteli siku ya pili. Tabu akampa kibua wa kukaanga kutoka kwenye kanga yake, na tangu hapo kila mchana kijana anakuja kwenye ndoo, anakaa chini, anamla kibua na miiba yake. Ijumaa alikwenda kuswali msikiti wa kijijini, akapangwa safu moja na Mashaka na waponda kokoto. Soko zima lilimuona. Akawa mtu wao.

Na alikuwa na ila moja. Akianzisha mpira kutoka upande wa kushoto, alikuwa anaburuta kidole cha mguu wa kushoto. Kila jioni kwenye mstari wa nyuma kulikuwa na mfereji. Tabu aliuziba siku tisa. Siku ya kumi mgeni ameondoka, uwanja hauna mfereji, Tabu akasimama pale na fagio akaona kama kimepungua kitu.

*

Mwaka wa tisini na tisa hoteli ilikuwa na meneja mpya, Bwana Revelian, kijana wa Bukoba, msafi, mwenye haraka. Nchi ilikuwa imefunguka. Kila mtu anafungua kitu: baa, saluni, duka la simu. Vijana wa mjini walikuwa wanakuja ufukweni Jumamosi kucheza muziki, na Bwana Revelian alitaka wapate pa kuchezea.

Asubuhi moja ya Jumatano alikuja uwanjani na viatu vyake vinavyong'aa, akakanyaga chokaa mbichi.

"Bi Tabu, nina habari. Hapa tunamwaga zege. Tunajenga ukumbi wa disko."

"Hapa wapi?"

"Hapa uliposimama. Mwenye hoteli anakuja Jumatatu kutoka Arusha kutoa ruhusa. Lakini kazi yako ipo, usiwe na wasiwasi. Utafagia ukumbi."

"Zege halitaki gunia, Bwana Meneja. Linapigwa deki, na deki anapiga mtu yeyote."

Bwana Revelian akacheka, maana hakuwa mtu mbaya. "Mama yangu, huu uwanja nani anacheza? Nionyeshe mtu mmoja anayekuja hapa kwa ajili ya tenisi. Mmoja tu! Mpaka Jumatatu. Ukinionyesha, namwambia mwenye hoteli disko tulipeleke kwenye maegesho ya magari."

"Mmoja?"

"Mmoja."

"Haya. Sasa shuka kwenye mstari wangu."

Jioni Tabu alimwambia Mashaka. Mashaka alitafuna, akameza, akasema, "Mmoja si wengi." Ikawa ndiyo faraja aliyoipata siku hiyo.

*

Mpokea wageni wa hoteli alikuwa Felicitas, msichana wa Songea aliyesoma kozi ya kompyuta miezi mitatu Mwenge. Hoteli ilikuwa imenunua kompyuta na kuiunga kwenye waya wa simu, ikawa na intaneti. Kwanza kisanduku kinalia kama paka aliyebanwa mlangoni, halafu unasubiri, halafu dunia inaingia. Felicitas aliitengenezea hoteli ukurasa wake humo. Kulikuwa na picha ya mnazi, namba ya simu, na kitabu cha wageni ambamo mtu yeyote aliye popote anaweza kuandika neno. Chini kulikuwa na kidude cha kuhesabu waliopita. Kilisema arobaini na moja. Thelathini kati yao alikuwa Felicitas mwenyewe anaangalia kama kuna mtu.

Alhamisi alimwita Tabu dirishani. "Shikamoo, Bi Tabu. Njoo umuone mtu. Hili gazeti la tenisi la Ulaya, wanasema kuna Msenegali ameingia nusu fainali kwenye mashindano makubwa ya uwanja wa udongo. Si ulinisimulia wa kwako?"

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Picha inakuja."

Picha za siku zile zilishuka polepole kama pazia. Zikaja nywele. Likaja paji la uso. Yakaja macho. Tabu akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Sijui, mwanangu. Yule alikuwa mtoto. Huyu ana ndevu."

Likaja bega, likaja raketi, ikaja kaptula. Felicitas akapiga miayo. Mwisho kabisa vikaja viatu. Cha kulia kizima. Cha kushoto kimelika puani, chekundu kwa udongo.

"Ndiye!" Tabu alipiga kelele hata mgeni mmoja akadondosha funguo. "Ndiye huyo! Bado anaburuta! Miaka saba na hakuna aliyemwambia!"

Hapo ndipo Felicitas alipopata wazo. Mechi, dhidi ya Mhispania mmoja, ilikuwa kesho, Ijumaa, saa tisa alasiri kwa saa zetu. Televisheni za hapa hazikuwa na mpango nayo. Ila lile gazeti la Ulaya lilibandika hesabu papo hapo, pointi kwa pointi. Na kaka yake Felicitas, aliyekuwa anasoma India, alikuwa kwenye kundi la Watanzania walio nchi za nje wanaoandikiana barua kwa kompyuta, watu mia kadhaa, wenye njaa ya neno lolote la nyumbani.

"Bi Tabu, wewe utasema, mie nitachapa. Hapo hapo mechi inapoendelea. Kwa Kiswahili, kutoka uwanja ambao Idrisa Ndao alichezea akiwa kijana. Nani mwingine duniani ana kitu hicho?"

"Na wao watakuja?"

"Wakijua kuna uwanja, atakuja mmoja."

Tabu akafikiri. "Basi nitatoka na kanga safi."

*

Ijumaa saa tisa kasoro robo walikuwa wameshakaa. Felicitas kwenye kiti, Tabu kwenye ndoo yake, ameileta toka uwanjani kwa sababu kiti cha ofisi kilizunguka. Kundi la kaka limeshaambiwa. Na soko limeshaambiwa pia, na Tabu mwenyewe, kwa hiyo ilibidi soko nalo lipate habari. Akaazima kipaza sauti cha mkono, kile cha kuwaitia wageni waliokwenda mbali baharini. Gemu ya kwanza ilipoanza akatoa kichwa dirishani.

"Idrisa kumi na tano! . . . Thelathini! . . . Arobaini!"

Sasa kule sokoni, muda ule ule, dalali Bakari alikuwa amesimama juu ya meza anapiga mnada wa tenga la changu. Mnada wa Kunduchi hauna adabu ya kusema "elfu". Unataja namba tupu na watu wanapandishiana. Hamisa, mkaanga samaki, alikuwa amefika kumi na mbili, na washindani wote wamenyamaza. Tenga ni lake. Mara akasikia sauti nyuma yake: kumi na tano!

Hamisa hakugeuka. "Kumi na sita!"

Thelathini!

"Nani huyo? Thelathini na moja!"

Arobaini!

"Arobaini na moja, na afe kwa kijiba!" Hamisa akapiga meza. Bakari alikuwa ameshika tumbo, hawezi hata kuita. Machozi yanamtoka.

"Dada Hamisa," alisema alipopata pumzi, "unajua unashindana na nani? Unashindana na Msenegali. Yuko Ulaya. Hata changu wenyewe hajawaona."

Soko lilikufa kwa kicheko. Hamisa alipewa tenga lake kwa kumi na mbili, na jina la "Mama Senegali", ambalo analo mpaka leo. Bakari akatoa amri: gemu ikiwa inachezwa, mnada unasimama, gemu ikiisha, mnada unaendelea. "Vibua wangojee," alisema. "Wameshakufa, hawana haraka."

Ofisini kazi ilikuwa nyingine. Felicitas alikuwa na vidole vyepesi na roho ya kupamba.

"Seti ya kwanza ya Idrisa, sita kwa nne," Tabu alisema. "Andika hivyo."

Felicitas akachapa, akasoma kwa sauti: "Idrisa Ndao amenyakua seti ya kwanza huku Mhispania akijifuta jasho na kumtazama kwa hofu."

"Hebu ngoja. Umemuona anajifuta jasho?"

"Sijamuona, ila si kuna jua?"

"Na hofu umeiona?"

"Bi Tabu, watu wanapenda."

"Futa. Andika kilichopo. Hii gemu ya mwisho, Mhispania hakupata hata kumi na tano. Ina maana mipira minne hakuirudisha. Andika hilo. Na andika kwamba Idrisa alikuwa anaanzisha yeye, na gemu hiyo ina mipira miwili ya upande wa kushoto, kwa hiyo kaburuta kidole mara mbili, mie namjua, na jioni kuna mtu huko Ulaya atauziba ule mfereji. Mpe pole."

Felicitas akachapa vile vile. Akatuma. Dakika tano hazijapita kitabu cha wageni kikapata mstari. Mtu wa Toronto: Mama wa Kunduchi, endelea, bosi wangu anadhani nafanya kazi. Akaja wa Muscat: Mie mtoto wa Kawe, huo uwanja nimeuchungulia utotoni, tulifukuzwa na mama mmoja mwenye fagio.

"Ndiye mie huyo," alisema Tabu. "Mjibu. Mwambie nilikuwa nalenga miguu tu."

Seti ya pili Mhispania. Ya tatu Mhispania. Tabu hakuficha. "Idrisa hana pumzi. Tazama, gemu hii wamerudi sawa mara nne, na zote nne alitangulia yeye. Mtu anayetangulia mara nne na hamalizi, moyo upo, miguu haipo." Wa Toronto akaandika: Usituvunje moyo mama! Tabu akamwambia Felicitas amjibu kwamba aliyevunjika moyo anywe maji.

Ya nne Idrisa, sita kwa tatu. Kule sokoni wakapiga ndoo. Bwana Revelian, aliyekuwa akipitapita kama hana habari, sasa alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Felicitas, tai ameilegeza. Kidude cha kuhesabu kilisema mia tatu na kumi.

Seti ya tano. Tatu kwa tatu. Nne kwa nne. Tano kwa tano. Bakari alikuwa ameuacha mnada kabisa, yuko kwenye uzio na watu kama thelathini.

Kisanduku kikalia mara moja, kikanyamaza. Kioo kikaganda.

"Nini?" aliuliza Meneja.

"Waya umekata," alisema Felicitas, na uso wake ulikuwa wa kulia.

Walisubiri. Alipiga tena, hakuna. Akapiga tena. Kwenye uzio watu wakaanza: "Tabu! Vipi? Tuambie!" Na mbali huko, Toronto na Muscat na India, watu wameukodolea macho mstari wa mwisho unaosema tano kwa tano.

Bwana Revelian akajifuta shingo. "Sikilizeni. Waya ukirudi, kitu cha kwanza andika ameshinda. Tangazeni na sokoni sasa hivi. Watu wafurahi. Mtu akifurahi anakuja, akija anakula, akila analala. Bi Tabu, si ulitaka mtu mmoja? Utapata hamsini."

Tabu alikuwa na kipaza sauti mkononi. Alitazama uzio. Alitazama uwanja wake kule nyuma, umefagiliwa, haujakanyagwa na mtu tangu asubuhi. Kwa neno moja tu ungepona. Na kweli huenda alikuwa ameshinda, nani ajuaye.

"Meneja," alisema, "miaka kumi na sita nakaa kwenye hii ndoo. Wageni wanagombana, mpira ndani, mpira nje, halafu wananigeukia mie. Hawanijui jina. Wananiuliza mie kwa sababu ukianguka nje, nasema nje. Hata ukiwa ni wa mwenye hoteli. Leo nikisema ndani na sijaona, kesho nitauliziwa nini?"

Akatoa kichwa dirishani. "Waya umekata! Tano kwa tano! Zaidi ya hapo sijui!"

"Kisia!" alipiga kelele Bakari.

"Kisia wewe, kazi yako ya udalali!"

Akarudi kwenye ndoo. "Haya, Felicitas. Wale wa mbali hatuwezi kuwaacha wamekaa. Andika, ukirudi waya utatuma. Nitawaambia niliyoyaona."

Akaanza. Alieleza siku tisa za Idrisa Ndao pale Kunduchi. Kibua na miiba yake. Jinsi alivyoshindwa siku ya nne na badala ya kwenda kulala akachukua fagio la pili, akafagia na Tabu mistari yote mpaka giza likaingia. Jinsi alivyouinamia mfereji wake mwenyewe akaona aibu, akaukanyagakanyaga uzibe, na Tabu akamwonyesha kwa mkono: hapana, acha, hiyo kazi yangu. Alieleza udongo wenyewe, kichuguu cha njia ya Mtongani, mate, vidole viwili. Kwamba uwanja huu ukiumwagia maji alfajiri unanuka kama mvua ya kwanza. Kwamba saa nne kivuli cha mnazi kinagusa kona ya kushoto na wachezaji wageni wanakidhania mstari. Felicitas hakupamba hata neno. Kuna mahali aliacha kuchapa akasikiliza tu, Tabu akamgonga goti.

Bwana Revelian alikaa kwenye ukingo wa meza. Hakusema tena habari ya kushinda.

Mashaka alikuwa ametoka machimboni, mweupe kwa vumbi la mawe, anakuja kumchukua mkewe kama kawaida. Akakuta watu uzioni, akauliza, akaambiwa waya. Akatazama juu. Akaufuata waya kwa macho kutoka paa la ofisi mpaka nguzo, mpaka minazi. Akachukua mti mrefu wa kuangulia nazi, akasukuma, likaanguka chini kuti kavu kubwa.

Akaja dirishani. "Kuti," alisema.

Kisanduku kikalia kama paka. Hakujawahi kuwa na sauti tamu kama ile. Hesabu zikaingia, Tabu akazisoma mara moja, akazisoma mara ya pili. Akachukua kipaza sauti.

"Saba kwa tano. Ya Mhispania. Idrisa ameshindwa. Gemu ya mwisho alifika arobaini, akarudishwa. Kapigana."

Kule kwenye uzio Hamisa alivua kanga ya kichwani akaikunja. Halafu Bakari akapiga makofi mawili.

"Haya! Waliokufa wameshangoja vya kutosha! Kibua, tenga la kwanza, nani ana tano? Mama Senegali, wewe anza, mwenzio leo hana nguvu!"

Wakacheka, wakaenda zao.

*

Jumamosi hakuja mtu. Kidude kilikuwa kimefika mia tisa, kitabu cha wageni kimejaa, watu wanashukuru, wanauliza mihogo ya Kunduchi ni bei gani siku hizi. Lakini Muscat ni mbali, Toronto ni mbali zaidi. Jumapili walikuja Hamisa na wachuuzi wenzake wanne kuonyeshwa mahali penyewe pa mfereji, na Tabu aliwaonyesha. Bwana Revelian alitikisa kichwa kwa huruma. "Hao ni majirani, Bi Tabu. Wamekuja kuona. Hawakuja kucheza."

"Jumatatu haijafika," alisema Tabu. Lakini usiku ule alifunga chelewa za fagio jipya kisha akazifungua tena, mara mbili, na Mashaka akamwona.

Jumatatu saa tatu mwenye hoteli alifika, mzee mnene mwenye kofia, na moja kwa moja wakaenda uwanjani yeye na Meneja, na mtu wa zege ameshika utepe wa kupimia. Tabu alikuwa kwenye ndoo. Hakusimama. Utepe ukavutwa kutoka kona moja mpaka nyingine, juu ya mistari yake mibichi.

Hapo langoni kukatokea bwana mmoja wa makamo, suruali ya kazini, shati jeupe, amebeba raketi ya zamani ya mbao iliyobanwa kwenye fremu yake ili isipinde. Nyuma yake mkewe, ameshika mfuko wenye mipira mitatu imekwisha rangi.

"Hodi. Samahani jamani. Ndio huu uwanja wa kichuguu?"

"Karibu," alisema Tabu. "Umetoka wapi?"

"Mikocheni. Jina langu Fransis. Mdogo wangu yuko Toronto, amenipigia simu Jumamosi, ananifokea. Anasema yeye kasoma mambo ya uwanja wa Kunduchi mpaka kafukuzwa na bosi, na mie niko hapa pua na mdomo sijawahi kufika. Nilicheza nikiwa shule, zamani. Leo nimeomba ruhusa kazini." Akageuka kuwatazama wale watu watatu na utepe wao. "Au nimekuja siku ya matengenezo?"

Habari ilitoka Kunduchi, ikazunguka dunia, ikarudi Mikocheni.

Tabu aliinuka kwenye ndoo polepole. Akamtazama Bwana Revelian. Akainua kidole kimoja.

Bwana Revelian akatazama kidole, akatazama raketi ya mbao. Akavuta pumzi. Halafu akamshika mwenye hoteli mkono. "Mzee, twende nikuonyeshe maegesho ya magari. Pale ndipo disko litakaa vizuri. Huku nilitaka tu . . . nilitaka uone uwanja wetu."

"Hata mie nilikuwa nashangaa," alisema mzee. "Uwanja mzuri hivi."

Mtu wa zege akakunja utepe. Tabu akachukua fagio, akafuta alama ya viatu vyao, akapaka chokaa palipofutika. Ndipo akamruhusu bwana Fransis aingie. Alicheza na mkewe vibaya sana, mpaka saa sita. Mpira ulipoanguka waligeuka wote wawili kumtazama Tabu.

"Nje," alisema. "Kidogo tu. Lakini nje."

*

Uwanja upo mpaka leo. Disko lilikufa baada ya miaka miwili, magari yakarudi. Felicitas yuko mjini, ana duka lake la kompyuta. Barua ya Idrisa Ndao haikuja, na Tabu hakuingoja. Alisema kijana ana kazi.

Tabu alifariki masika ya mwaka juzi, kwa ugonjwa wa kifua. Alizikwa alasiri, na soko lilisimamisha mnada siku nzima.

Kichuguu cha njia ya Mtongani kilikuwa kimekwisha. Masika yalipopita, udongo wa uwanja ulikuwa umeondoka na maji kama kila mwaka, na msichana anayefagia sasa hakujua pa kuanzia. Jumapili moja Mashaka alichukua toroli. Alikwenda mpaka nyuma ya machimbo akakuta kichuguu ambacho hakuna aliyewahi kukigusa. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza "Wapi?" Alichukua udongo kidogo, akautemea mate, akausugua kwa vidole viwili, akatulia muda mrefu.

"Huu, ndiyo," alisema, akaanza kupakia.